Simu 72 zilizoamua kifo cha Robin

MASHABIKI wa vitabu vya katuni hulalamika kila toleo jipya linapotoka. Mwaka 1988 kampuni ya DC ya Marekani iliwapa uwezo wa kuua.

Toleo namba 427 la Batman lilimwacha msaidizi wake, Robin, ndani ya mlipuko wa bomu lililotegwa na Joker. Wasomaji walipewa namba mbili za simu, moja ya kumwokoa na nyingine ya kumwangamiza. Kila simu iligharimu senti 50.

Waliotaka afe walishinda kwa kura 5,343 dhidi ya 5,271. Zilihesabiwa simu, si watu. Mwenye fedha aliweza kupiga mara kadhaa.

Chuki hiyo ilikuwa na chanzo. Robin huyo, Jason Todd, alirithi nafasi ya Dick Grayson, aliyependwa tangu 1940, kisha akaandikwa kuwa kijana mkaidi na mwenye hasira. Waliomfanya hivyo ni waandishi, lakini adhabu ilimwangukia mhusika.

Mwaka 2005 DC ilimrejesha Todd akiwa Red Hood, mlipiza kisasi, safari hii bila kura yoyote.

Mchoraji Jim Aparo alikuwa ameandaa miisho yote miwili. Ule wa uhai ulichapishwa kama toleo kamili mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 ukafuatiwa na hadithi ya matoleo manne inayomwonyesha Todd aliyeokoka, lakini anayeandamwa na mateso aliyopitia.