Lebo ambayo kirusi cha Lassa hakiitupi

Ukituma gunia la mahindi kwa basi kwenda kwa ndugu yako mjini, unaandika juu yake jina na namba ya simu. Konda akiyasoma maandishi hayo anajua pa kulishusha. Gunia likishafika, maandishi yamemaliza kazi. Mahindi yanamiminwa, na hakuna anayejali tena kilichoandikwa.

Ndani ya miili yetu mambo huenda karibu hivyo hivyo. Leo tunaeleza lebo za namna hiyo, na jinsi kirusi kimoja cha Afrika Magharibi kinavyobaki na lebo yake baada ya safari na kuipa kazi nyingine. Panya anayekibeba kirusi hicho, wakulima wengi wa Tanzania wanamfahamu.

Protini hujuaje pa kwenda?

Mwili umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Kila seli hutengeneza maelfu ya aina za protini. Baadhi hubaki ndani ya seli. Nyingine hutakiwa kutoka, kama insulini inayotoka kwenye kongosho na kuingia kwenye damu. Nyingine hukaa kwenye ngozi ya nje ya seli.

Mwaka 1971 wanasayansi wawili waliokuwa New York, Günter Blobel na David Sabatini, walipendekeza kwamba protini inayosafiri hubeba anwani yake yenyewe mwanzoni mwa mnyororo wake. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa ndivyo ilivyo, na mwaka 1999 Blobel alipewa Tuzo ya Nobel.

Anwani hiyo huitwa peptidi ishara. Protini ni kama uzi wa shanga, na kila shanga ni asidi amino. Peptidi ishara kwa kawaida ni shanga 15 hadi 30 hivi za mwanzo.

Mashine ya seli inapoanza kutunga protini, shanga hizo ndizo hutokeza kwanza. Hapo hudakwa na kitu tunachoweza kukiita konda wa seli. Konda huyo huipunguza kasi mashine, kisha huipeleka mpaka kwenye mtandao wa mirija na vifuko ulio ndani ya seli. Kwenye ukuta wa mtandao huo kuna tundu, na protini hupenya humo kama uzi unavyopenya tundu la sindano. Wakati inapenya, kimeng'enya huikata ile lebo. Mara nyingi lebo hiyo huvunjwavunjwa, na protini huendelea na safari peke yake.

Virusi hutumia lebo hizi pia. Kirusi hakina mashine ya kutengeneza protini, kwa hiyo huingia ndani ya seli na kuitumikisha mashine ya mwenyeji. Kikiandika anwani ambayo konda wa seli anaielewa, mzigo wake husafirishwa kama mizigo mingine yote.

Kirusi cha Lassa hufanya tofauti

Homa ya Lassa ilitambuliwa mwaka 1969 katika mji wa Lassa, kaskazini-mashariki mwa Nigeria. Hupatikana pia katika nchi kama Sierra Leone, Liberia na Guinea. Watu wengi huipata kutokana na chakula au vyombo vilivyochafuliwa na mkojo au kinyesi cha panya. Huweza pia kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mtu mwingine kupitia damu na majimaji ya mwili. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 8 kati ya 10 wanaoambukizwa hawaoni dalili au huugua kidogo tu. Lakini kati ya wanaolazwa hospitalini wakiwa na hali mbaya, takriban asilimia 15 hufariki.

Kirusi hiki kina jeni 4 tu, wakati binadamu ana takriban 20,000. Mwenye vitu vichache hatupi kitu. Protini iliyo juu ya ngozi ya kirusi, ambayo hukiwezesha kuingia kwenye seli, huanza na peptidi ishara yenye shanga 58, ndefu kuliko lebo za kawaida. Kimeng'enya cha seli huikata kama kawaida, lakini haivunjwi. Hubaki imejichomeka kwenye utando, imeshikamana na protini ileile iliyokatwa kutoka kwake.

Kuanzia hapo lebo ina kazi mbili. Kwanza, huisindikiza protini hiyo. Ikikosekana, protini haikatwi wala kusafirishwa ipasavyo, na kirusi kinachotengenezwa hakiwezi kuambukiza.

Kazi ya pili huja kirusi kinapovamia seli mpya. Seli hukimeza ndani ya kifuko, na kifuko hicho huanza kuwa kichachu. Lebo, pamoja na sehemu ya protini iliyoshikamana nayo, huuhisi uchachu huo. Ndipo protini hubadili umbo, ngozi ya kirusi ikaungana na ukuta wa kifuko, na vinasaba vya kirusi vikamwagika ndani ya seli. Anwani iliyomaliza safari imekuwa sehemu ya ufunguo wa mlango.

Faida ya kulijua hili

Mpaka tunapoandika makala haya, homa ya Lassa haina chanjo iliyoidhinishwa. Madaktari hutumia dawa ya ribavirin na kumsaidia mgonjwa kwa maji na huduma nyingine. Ndiyo maana watafiti wanaitazama lebo hii kwa karibu. Wamepata kemikali zinazojipachika pale lebo inaposhikana na protini, zikazuia kirusi kufungua mlango. Moja yake, LHF-535, imeshapita hatua ya kwanza ya majaribio kwa watu, ambayo hupima usalama. Bado si dawa ya kununua dukani, lakini imeonyesha mahali pa kumshika adui.

Na huku kwetu je?

Kirusi cha Lassa hakina makazi Afrika Mashariki, kwa hiyo homa unayoipata kijijini isikufanye uogope Lassa. Lakini panya anayekibeba huko magharibi, anayeitwa Mastomys natalensis, ni panya shamba huyu huyu anayefukua mbegu na kula mahindi yetu. Huko Morogoro watafiti wamemkuta na kirusi kingine, ndugu wa Lassa, kilichopewa jina la Morogoro. Hakijajulikana kumwuguza mtu, na wanasayansi hukitumia kujifunza tabia za Lassa bila hatari kubwa.

Hata hivyo mkojo wa panya una madhara mengine. Mwaka 2022 huko Ruangwa, Lindi, ulizuka ugonjwa uliothibitishwa kuwa homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria na kusambazwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Kwa hiyo kinga ya nyumbani ni ileile. Weka nafaka na unga kwenye vyombo vyenye mfuniko au kwenye kihenge cha bati. Funika chakula kilichopikwa na maji ya kunywa. Usiache masufuria machafu usiku kucha. Fyeka majani karibu na nyumba na uzibe matundu. Usimshike panya kwa mikono mitupu, awe hai au mfu. Ukipata homa kali, nenda kituo cha afya mapema, na umwambie mhudumu kama umekuwa ukifanya kazi shambani au ghalani penye panya.

Watafiti wanaendelea kutafuta namna ya kuliziba lile tundu la ufunguo. Sisi tuanze na mfuniko wa ndoo ya unga.