Ekseli Imara Peke Yake Haitoshi

Chama kinachotaka kuifungia Land Rover yake ya inchi 109 ekseli ya nyuma ya Salisbury, iliyo imara kuliko ile ya zamani, hakina budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, uwiano wa meno uwe 4.7, sawa na ekseli ya mbele. Ukitofautiana, kuendesha kwa magurudumu manne huharibu giaboksi. Pili, breki zilingane: gari likisimama ghafla uzito huelemea mbele, na breki za nyuma zikizidi ukali, gari huyumba. Tatu, springi, fremu na matairi ni yale yale. Hivyo mzigo usizidi kipimo cha mtengenezaji. Katibu ahakikishe kuwa fundi amelijaribu gari kabla ya mazao ya wanachama kupakiwa.