Ulani: Wapanda Farasi wa Ulaya na Ahadi ya Waislamu

 

Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Ilemela wamekutana na neno "ulani" katika historia ya Ulaya, wakauliza maana yake. Ulani ni askari mwepesi wa farasi, mwenye mkuki mrefu uliofungwa kibendera chini ya ncha. Majeshi ya Prussia, Austria na Urusi yote yalikuwa nao. Lakini neno lenyewe si la Kizungu. Asili yake ni oğlan, neno la Kituruki lenye maana ya kijana, na lilifika Poland kupitia Watatari Waislamu.

Watatari hao, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, walipewa makazi na Vytautas, mtawala wa Lithuania, mwishoni mwa karne ya 14. Wao walitoa wapanda farasi wakati wa vita, nao wakapewa ardhi na nafasi ya kushika dini yao. Mwaka 1410 walipigana upande wake huko Grunwald.

Je, ahadi kama hii inamfunga Muislamu? Kupigana chini ya mtawala asiyekuwa Muislamu ni suala lenye masharti na khitilafu. Ama anayeishi katika nchi kwa amani, wanazuoni wa Kihanafi na wa Kishafii wamesema haimjuzii kuwafanyia hiyana watu wake.

Na ahadi ina pande mbili. Mishahara ilipocheleweshwa na haki za dini zikabanwa, mwaka 1672 wengi wao waliasi, wakajiunga na Waturuki. Baadaye wakarejea, na mwaka 1679 Mfalme Jan Sobieski akawapa ardhi ya Bohoniki na Kruszyniany badala ya malimbikizo waliyodai. Misikiti ya mbao iliyojengwa baadaye ingalipo katika vijiji hivyo. Mwaka 1936 Poland iliunda kikosi cha Watatari ndani ya ulani wa 13 wa Wilno, kikiwa na imamu wake. Kikapigana mwaka 1939.

Lugha yao waliipoteza zamani, dini ikabaki, kwani waliiandika kwa lugha ya wenyeji kwa herufi za Kiarabu, kama masheikh wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Basi nasi tulio wachache huku Kanda ya Ziwa tutimize ahadi kwa majirani zetu, na tusiache kuwasomesha watoto wetu.

Wallahu aalam.