Sukari Katika Kikombe cha Kahawa

Bwana mkulima, hebu hesabu vijiko. Ukinywa vikombe vitatu vya kahawa kwa siku, na kila kimoja ukakitia vijiko vitatu, hivyo ni vijiko tisa. Kijiko cha chai huchukua gramu 4 hivi za sukari. Jumla ni gramu 36. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na heri abaki chini ya 25. Sukari nyingi huozesha meno na kunenepesha mwili, na unene waweza kuleta ugonjwa wa kisukari.

Mara nyingi sukari hutiwa ili kuficha uchungu, na uchungu huo huzidi kahawa ikichemshwa muda mrefu mno. Chemsha maji kwanza, epua, ndipo utie unga wa kahawa. Funika dakika 4, kisha chuja. Ongeza maziwa ya ng'ombe wako yaliyochemshwa, maana yana utamu wao wenyewe. Iliki iliyopondwa au kipande cha mdalasini hunukia hata ulimi ukasahau sukari. Asali nayo ni sukari, usidanganyike. Punguza nusu kijiko kila juma. Mgeni naye umwekee kopo la sukari mezani ajitilie mwenyewe.