Mchezaji naye ni fundi: ubunifu ndani ya michezo ya video, na haki zake

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusoma juu ya kazi, masomo na maisha ya kwetu. Leo mi naomba niongee juu ya kitu ambacho wazazi wengi wanakiita kupoteza wakati: michezo ya video. Sitaongea sana juu ya kuicheza. Nataka kueleza juu ya wale wanaoicheza, kisha wanaifungua, wanabadilisha vitu ndani na kuwagawia wengine. Kazi hiyo iko na thamani, iko pia na sheria zake, na vijana wetu wengi wanaifanya bila kujua hizo zote mbili.

Tuanze na kitu tunachokijua. Mtoto wa Runingu hangojei gari la kuchezea litoke dukani. Anatafuta waya, anakata magurudumu kwenye kandambili iliyochakaa, na jioni gari linatembea barabarani. Mpira anaufunga kwa mifuko na kamba. Anayecheza ndiye huyo huyo anayetengeneza. Mchezo wa video ulikuja na desturi nyingine: kampuni inatengeneza, wewe unanunua, basi. Ubunifu wa wachezaji ni ile desturi ya waya, imeingia sasa ndani ya simu na kompyuta.

Ubunifu huo uko na ngazi tatu. Ya kwanza ni kupaka rangi: unabadilisha nguo za mchezaji, rangi ya basi, jina la timu. Ya pili ni kubadilisha mchezo wenyewe: unaingiza gari jipya, sauti mpya, sheria mpya. Kifurushi cha mabadiliko hayo kinaitwa modi. Ya tatu ni kujenga: mchezo unakupa vifaa tu, na wewe unajenga kijiji, ramani, hata mchezo mwingine mzima ndani yake.

Inawezekana namna gani? Mwaka 1993 kampuni ya Marekani, id Software, ilitoa mchezo Doom. Mwandishi wa programu yake, John Carmack, alitenganisha vitu viwili. Upande mmoja injini, yaani ile programu inayoendesha kila kitu. Upande mwingine ramani, picha na sauti, ndani ya mafaili yaliyoitwa WAD. Ni kama sufuria na chakula: sufuria iko ile ile, leo unapika ugali, kesho sombe. Wachezaji walipoelewa hivyo, walianza kupika vyao. Tangu hapo michezo mingi imejengwa kwa kuacha mlango huo wazi.

Hapa Afrika ya Mashariki mlango huo umetumiwa sana. Angalia Bus Simulator Indonesia, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo. Unaruhusu mtu aingize gari alilolichora mwenyewe. Vijana wa Tanzania wameingiza mabasi ya safari za mikoani, na rangi zake zote. Angalia pia mpira. PPSSPP ni programu huru inayofanya simu ya Android icheze michezo ya PSP, ile mashine ndogo ya Sony. Kwa njia hiyo kunazunguka PES zilizobadilishwa, ziko na jezi za Simba na Yanga. Konami, kampuni yenye PES, haikuwachorea jezi hizo. Ni kijana fulani alikaa usiku, akapunguza picha, akabadilisha majina moja moja, akajaribu mpaka simu ikakubali.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, pamoja na Mojang, kampuni yenye Minecraft, walianzisha mradi wa Block by Block. Jaribio la kwanza lilifanyika Kibera, Nairobi. Wakaaji ambao hawakusoma uchoraji wa majengo walitumia vitalu vya Minecraft kuonyesha namna walitaka sehemu yao ya wazi ipangwe: njia ipite wapi, watoto wachezee wapi. Wale wenye kuchora ramani rasmi walipata picha ambayo kila mtu anaielewa, hata yule asiyejua kusoma plani.

Sasa fikirieni Uvira. Mwezi wa nne 2020 maji ya Mulongwe yalitoka njiani, yakabeba nyumba na watu. Kijana anayejua kujenga ndani ya mchezo anaweza kujenga mtaa wake kitalu kwa kitalu, akaonyesha kwenye mkutano maji yalipita wapi, na nyumba gani ziko hatarini. Hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya injinia. Lakini inampa mwananchi namna ya kuongea naye.

Tufike kwenye swali gumu: kazi hiyo ni ya nani? Historia inajibu kwa njia mbili. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya mchezo Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Kampuni ya Valve, yenye Half-Life, iliwachukua kazini na ikauza mchezo huo mwaka 2000. Hao walipata mlango. Njia ya pili ni ya Dota. Ilizaliwa ndani ya Warcraft III ya kampuni ya Blizzard, mikononi mwa wachezaji waliopokezana kazi. Baadaye makampuni yalitajirika kwa wazo hilo, na Valve na Blizzard zikagombania jina mpaka zikapatana mwaka 2012. Mwaka 2020 Blizzard iliandika kwenye masharti yake kwamba michezo ambayo wachezaji wanatengeneza ndani ya vifaa vyake ni mali ya Blizzard. Yaani yale maandishi marefu ambayo sisi wote tunabonyeza « nakubali » bila kusoma, ndiyo yanaamua.

Sheria yetu nayo ipo. Kongo iko na sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, na iko ndani ya mkataba wa Berne, unaosema haki ya mtunzi haingojei kuandikishwa. Kwa hiyo picha uliyoichora mwenyewe, sauti uliyoirekodi mwenyewe, inalindwa. Lakini mchezo wenyewe si wako, na nembo ya timu si yako. Kuuza PES nzima kwa sababu ulibadilisha jezi, hapo unauza mali ya mwingine. Na yule anayechukua modi yako, anafuta jina lako, anaweka lake, naye anakosea vilevile.

Mi naona dawa ni kuchagua sufuria iliyo huru. Luanti, iliyoanza mwaka 2010 kwa jina la Minetest, ni programu ya bure ya michezo ya vitalu, msimbo wake uko wazi kwa wote. Ukiisha kuisakinisha na kuchukua mchezo ndani yake, unacheza bila intaneti, hata kwenye kompyuta ya zamani. Modi ndogo inahitaji folda moja, faili ya maandishi inayoitwa init.lua, na picha ndogo ya pikseli 16 kwa 16. Lugha yake, Lua, si ngumu kuanza. Tafsiri pia ni faili ya maandishi tu, kwa hiyo Kifuliiru kinaweza kuingia bila kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote. Akitaka kutengeneza mchezo kamili, mtu aangalie Godot, injini huru tangu 2014.

Kwa wale wanaoanza, mambo manne. Soma masharti kabla ya kujenga. Weka jina lako na tarehe ndani ya faili. Andika leseni wazi: nani anaweza kutumia, na kwa namna gani. Tunza kopi sehemu mbili, juu umeme wa kwetu tunaujua.

Tunalia kwamba kazi hakuna, na ni kweli. Modi moja haitamlisha mtu. Lakini yule aliyetengeneza moja mpaka mwisho amejifunza kuchora, kuandika msimbo, kutafuta kosa na kuhudumia watu wanaotumia kazi yake. Akienda kuomba kazi, awe na kitu cha kuonyesha pembeni ya diploma. Kama wewe umeshatengeneza chako, kilete hapa chini tukione, kiwe na jina lako.