Mkasi na Kompyuta: Kutengeneza Bango la Filamu kwa Mtindo wa Saul Bass

Bango la filamu la mtindo wa Saul Bass hutambulika kutoka ng'ambo ya barabara. Lina rangi mbili au tatu zisizo na kivuli, umbo moja kubwa linaloonekana kukatwa kwa mkasi, na herufi zenye kingo za mashaka kama zilizochongwa na mtu mwenye haraka. Bass alizaliwa New York mwaka 1920. Kwa filamu The Man with the Golden Arm ya mwaka 1955, hadithi ya mtu aliyetekwa na dawa za kulevya, alitumia mkono mweusi uliopinda. Vertigo, mwaka 1958, ilipata mizunguko myeupe juu ya rangi ya chungwa. Mwaka uliofuata, Anatomy of a Murder ikapewa mwili wa mtu uliotenganishwa vipande. Mabango mengi ya Hollywood wakati huo yalijaa nyuso za waigizaji na mabusu. Bass aliweka wazo zima la filamu ndani ya umbo moja.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mtindo huu hata kama hajawahi kusikia jina la Bass. Kanga imejengwa hivyo hivyo: rangi chache, michoro bapa, pindo linalozunguka mji, na jina lililowekwa mahali ambapo jicho litalifikia. Kila rangi inayoongezwa katika uchapaji ni kazi ya ziada na gharama ya ziada, kwa hiyo msanii hujifunza kusema mengi kwa machache. Kompyuta haimwekei mtu mpaka huo. Humpa mamilioni ya rangi na vivuli visivyo na idadi, na hapo ndipo kazi nyingi za kuiga mtindo wa kale huharibika. Anayetaka bango lifanane na la mwaka 1959 analazimika kujinyima kwa makusudi.

Kazi huanza kwa kuchagua umbo, kabla ya programu yoyote kufunguliwa. Tuchukue mfano wa bango la hadithi ya mtaa mmoja: Malvern, kitongoji cha kaskazini-mashariki mwa Scarborough jijini Toronto, Kanada, kina maumbo ya kutosha. Mojawapo ni treni ambayo haikufika. Scarborough RT, reli fupi ya kilomita 6.4 yenye vituo 6, ilifunguliwa mwaka 1985 kutoka Kennedy hadi McCowan, na mipango ya kuirefusha hadi Malvern ilitangazwa bila kutekelezwa. Tarehe 24 Julai 2023 behewa la nyuma liliacha njia, na huduma haikurudi tena. Kwa bango la hadithi ya mtaa huu, reli nyeusi inayokatika ghafla katikati ya karatasi inasema jambo ambalo kila anayesubiri basi Neilson Road analielewa. Umbo jingine ni mnara wa nyaya za umeme. Filamu Brother ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Clement Virgo kutokana na riwaya ya David Chariandy kuhusu ndugu wawili wa Scarborough, inaanza na ndugu hao wakiukwea mnara wa namna hiyo.

Njia nzuri kuliko zote ya kupata ukingo wa Bass ni kukata karatasi kwelikweli. Karatasi nyeusi ya shule na mkasi vinatosha. Umbo la reli hukatwa bila kuchorwa kwanza kwa penseli, kwa mikato mirefu, na mkasi usirudi kusahihisha kosa. Kisha huwekwa juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mahali pasipo jua kali, na kupigwa picha kwa simu iliyoshikwa juu yake moja kwa moja. Ukingo wa mkasi una kona ndogo pale mkono uliposita na unene usiolingana upande huu na ule. Mchoro wa kompyuta hupinda kwa ulaini ambao hakuna mkono wa binadamu unaouweza, na jicho hugundua mara moja. Asiye na mkasi atumie zana ya kuchagulia yenye mistari iliyonyooka, abofye mara chache, na aache pembe zibaki.

Picha ikishaingia katika programu, hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe tupu kwa amri iitwayo Threshold. Kila pikseli ina kiwango cha mwanga kati ya 0 na 255. Amri hii huweka mpaka, kwa kawaida 128, na kila kilicho chini yake huwa cheusi, kilicho juu huwa cheupe. Kijivu chote hutoweka. Mpaka husogezwa taratibu hadi kivuli cha karatasi kipotee bila ukingo kuliwa. Picha ya uso au ya jengo, mathalani maduka ya Malvern Town Centre, inaweza kupitia njia hiyo hiyo, ila inahitaji mwanga mkali wa upande mmoja. Picha yenye mwanga wa kila upande hutoka kama doa.

Rangi ndiyo sehemu inayotaka subira. Kila rangi hukaa kwenye leya yake, kama ambavyo kila wino ulikuwa na sahani yake kiwandani. Leya za juu huwekwa katika hali ya Multiply, ambayo huzidisha mwanga wa rangi ya juu kwa ule wa rangi ya chini: nusu mara nusu huwa robo, na cheupe hakibadilishi chochote. Hivyo ndivyo wino unavyofanya juu ya karatasi, na ndiyo maana njano ikipita juu ya samawati nyangavu hutoa kijani bila mtu kuchagua kijani. Nyeusi tupu ya kompyuta, 0 katika njia zote tatu za rangi (nyekundu, kijani na bluu), ni nzito mno. Wino halisi unakaribia 25, 22, 20. Karatasi nayo haiwi nyeupe kabisa. Mwishowe leya moja husogezwa pikseli 3 pembeni. Katika chapa ya pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni robo milimita, kiasi cha kosa la mtambo uliowekwa vibaya kidogo. Zaidi ya hapo bango huonekana bovu badala ya kuonekana la zamani.

Herufi za jina la filamu zikatwe kwa mkasi ule ule. Fonti za kuiga mkono zina kasoro moja: A zote zinafanana, na jicho hulikamata kosa hilo haraka. Orodha ya majina chini ya bango ni habari nyingine. Ile hupangwa kwa fonti nyembamba na ndefu kwa sababu mikataba ya Hollywood hupima urefu wa herufi za jina la mtu kwa kulinganisha na jina la filamu, haipimi upana.

Mabango ya Marekani ya enzi ya Bass yalikuwa inchi 27 kwa 41, yaani pikseli 8,100 kwa 12,300 katika chapa ile ile ya pikseli 300 kwa inchi. Yalisafirishwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, mara moja kwa wima na mara tatu kwa ulalo, na kuacha sehemu nane. Mikunjo hiyo huongezwa kwa kupiga picha karatasi iliyokunjwa kweli na kuiweka juu ya yote kwa Multiply. Iwe hafifu. Kuhusu programu, Photoshop hulipiwa, GIMP ni ya bure, na Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari. Zote tatu zina leya, Threshold na Multiply.

Mtindo hauna mwenyewe kisheria, lakini picha inaye. Mwaka 1995 bango la filamu Clockers ya Spike Lee lilifanana mno na mwili ule wa vipande wa 1959, na Bass, aliyefariki mwaka uliofuata, alilalamika hadharani. Nchini Kanada, tangu mwisho wa 2022, hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Umbo lililokatwa na mtu mwenyewe kwa mkasi wake, na picha aliyoipiga kwa simu yake kando ya Tapscott Road, ni mali yake tangu siku ya kwanza.