Popo wa Takaungu na Mabingwa Wengine wa Sauti

Tundika kinasa sauti uani Loresho, na ikifika alfajiri bingwa wa makelele hana mpinzani: ni kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, anayepita juu ya Barabara ya Kaptagat akilia kama anayedai mtu deni. Kumtambua kwa sikio hakuhitaji kisomo. Kompyuta hufika kwa njia nyingine. BirdNET, programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao wa Chemnitz, Ujerumani, hukata rekodi vipande vya sekunde 3, kisha hugeuza kila kipande kuwa picha: sauti nyembamba juu, nzito chini, muda ukienda kulia. Baada ya hapo ni kazi ya kutazama. Usiku wa saa 12 huzaa picha 14,400, na programu inalinganisha kila moja na sauti za spishi zaidi ya 6,000 bila kupiga miayo.

Mlio mwembamba kuliko yote. Rekodi ninayoipenda zaidi ni ya Pwani. Popo mdogo, Cloeotis percivali, alielezwa na wanasayansi mara ya kwanza mwaka 1901 kutokana na kielelezo cha Takaungu, Kilifi. Kati ya popo wanaoshikilia mlio mmoja usiopanda wala kushuka, hajapimwa wa kumpita: mitetemo 212,000 kwa sekunde. Kijana mwenye masikio mazima huishia 20,000. Sasa tazama balaa lake kwa mashine. Ili kompyuta iunase mlio, lazima ipime wimbi zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo, yaani zaidi ya mara 424,000 kwa sekunde. AudioMoth, kinasa cha bei nafuu kinachopendwa na watafiti wa wanyama, mwisho wake ni 384,000. Popo wetu anapita juu ya kichwa chake, na rekodi haionyeshi mlio wake halisi.

Mzito kuliko yote porini. Huo ni wa tembo, ambaye ngurumo yake huanzia chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, tusikosikia sisi. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kompyuta iliyopewa ngurumo 469 zilizorekodiwa Amboseli na Samburu kati ya 1986 na 2022, ikaulizwa: huyu anamwita nani? Ilipata asilimia 27.5. Mtihani wa shule ungekuwa aibu, lakini kwa kubahatisha ingepata 8 hivi. Kisha tembo 17 wakachezewa milio hiyo, nao wakaitikia upesi zaidi ule uliokuwa umeelekezwa kwao. Yaelekea wanaitana kwa majina, ingawa jina lenyewe halijaweza kuchomolewa kutoka ndani ya ngurumo.

Mkongwe wa kusikiliza maneno ya binadamu. Audrey, mashine ya maabara za Bell, 1952. Ilijua tarakimu tu, sifuri hadi tisa, tena kwa sauti iliyozoea.

Waliojitolea sauti kuliko majirani wote. Hapa Wakenya tuvue kofia. Kufikia 2021, katika Common Voice, ghala la Mozilla ambamo watu husoma sentensi kwa hiari ili kompyuta zijifunze, Kinyarwanda kilikuwa cha pili duniani baada ya Kiingereza, kwa zaidi ya saa 2,000. Kilikipita Kijerumani, na Kifaransa pia. Kiswahili, chenye wasemaji wengi mara kadhaa, ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza mwaka huohuo.

Ngumu kuliko zote. Taji hili nalitoa mwenyewe: maongezi ya stendi ya Kangemi, honi zikilia Waiyaki Way. Whisper ya OpenAI, iliyotoka 2022 ikiwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti, husikiliza vipande vya sekunde 30 na kwa kawaida hukisia lugha moja kabla ya kuandika. Sekunde 30 zikiisha, makanga ameshataja nauli kwa Kiswahili, amebishana kwa Sheng na kumwomba abiria msamaha kwa Kiingereza.